JIM THORPE: BINGWA ALIYENUNULIWA KWA SABABU YA JINA

Mtu akiandika maisha ya mashuhuri fulani, kwa kawaida huchagua yule aliyeshinda kila kitu, kisha humsifu mpaka msomaji akachoka. Mimi nimechagua bingwa aliyesajiliwa kwa pesa nyingi halafu akawavunja moyo waliomsajili. Jina lake ni Jim Thorpe, Mmarekani aliyefariki mwaka wa 1953. Katika riadha hakuwa na mpinzani wakati wake. Lakini katika besiboli, mchezo ambao ndio aliosajiliwa kuucheza kwa mshahara mnono, mashabiki walimwona kama debe tupu. Swali linalonisumbua ni hili: je, ni Thorpe aliyeshindwa ama ni wale waliomsajili?

Kwanza tuelewane kuhusu besiboli yenyewe, maana hapa Kwa Vonza ukimwuliza mtu besiboli ni nini atakuonyesha kofia. Kofia zimejaa sokoni, za mitumba, nyingine zina herufi NY, na anayezivaa hajui ni timu gani. (Ni ya New York Yankees, si ile timu nitakayoieleza hapa.) Basi kumbuka raundas tuliyocheza shule ya msingi. Besiboli ni ndugu yake mkubwa. Mmoja anarusha mpira mdogo mgumu kwa kasi ya ajabu, mwingine amesimama na gongo anajaribu kuupiga, akiupiga anakimbia kuzunguka vituo vinne. Ugumu uko kwenye kupiga. Mrushaji hodari anaweza kuutuma mpira ukaja umenyooka, kisha karibu na gongo ukapinda na kushuka kama mwewe aliyeona kifaranga. Hata wapigaji bora kabisa hufaulu kama mara 3 tu katika kila mara 10. Usiisahau hesabu hiyo, tutairudia.

Thorpe alizaliwa katika eneo ambalo leo linaitwa Oklahoma. Vitabu vingine vinasema ni mwaka wa 1887, vingine 1888. Alikuwa wa kabila la Sac and Fox, mmoja wa wale wenyeji asilia wa Marekani ambao zamani tuliwaita Wahindi Wekundu. Jina lake la nyumbani lilikuwa Wa-Tho-Huk, na maana yake ni njia inayong'aa. Njia yenyewe lakini haikuanza kwa kung'aa. Alikuwa na pacha wake, Charlie, ambaye alikufa wakiwa bado watoto wadogo. Mama akafariki, na baadaye baba pia. Kijana akabaki wa kutangatanga, leo yuko shuleni kesho ametoroka.

Mwaka wa 1904 alipelekwa shule ya bweni ya Carlisle, jimbo la Pennsylvania, mbali kabisa na kwao. Shule hiyo ilifunguliwa mwaka wa 1879 katika kambi kuukuu ya jeshi, na nia yake ilikuwa kuwageuza watoto wa wenyeji wawe kama wazungu. Waliponyolewa nywele, waliponyang'anywa nguo zao, walikatazwa pia kuongea lugha za mama zao. Wale kati yetu ambao wazazi wao walivalishwa kibao shingoni kwa kosa la kuongea Kikamba shuleni wataelewa upesi bila maelezo mengi.

Hapo Carlisle ndipo kipaji kilipojulikana. Inasimuliwa kwamba siku moja mwaka wa 1907 alipita uwanjani akiwa na nguo za kazi, akawakuta wanariadha wa shule wameshindwa kuruka upao. Akaomba kujaribu. Akaruka mara moja, akaenda zake. Kocha, jina lake Glenn Warner, kusikia hivyo akamwita kesho yake. Tangu hapo jamaa alicheza kila kitu: mbio, miruko, mitupo, na ule mpira wa Kimarekani wa kugongana vifua. Mwaka wa 1911 Carlisle, shule ya watoto ambao wengi wao hawakuhesabiwa hata kuwa raia, iliwashinda Chuo Kikuu cha Harvard 18 kwa 15, na Thorpe alikuwa na mkono mkubwa, ama niseme mguu mkubwa, katika ushindi huo.

Lakini kabla ya hapo kulitokea jambo dogo. Likizo za miaka ya 1909 na 1910 Thorpe alikwenda North Carolina akacheza besiboli katika timu ya mji wa Rocky Mount. Ilikuwa ligi ya mashambani, na malipo yake yalikuwa dola chache tu kwa juma. Wanafunzi wengi wa vyuo walikuwa wakifanya hivyohivyo kila likizo, ila wao walijua kujificha: walijiandikisha kwa majina ya uongo. Thorpe akatumia jina lake mwenyewe. Sijui kama huo ni ujinga ama ni unyofu. Mimi nauita unyofu.

Ikafika Michezo ya Olimpiki ya mwaka wa 1912 mjini Stockholm, Sweden. Thorpe aliingia mashindano mawili makubwa, lile la michezo mitano na lile la michezo kumi. Katika ile mitano alikuwa wa kwanza mara nne. Katika ile kumi alipata pointi 8,412, na aliyemfuata, Hugo Wieslander wa Sweden, akabaki nyuma kwa karibu pointi 700. Tena kuna habari kwamba viatu vyake vilipotea, ikambidi avae viatu viwili visivyofanana. Picha ipo, na ukiitazama miguuni utajionea mwenyewe. Aliporudi New York alipokewa kwa gwaride na karatasi zikimwagwa kutoka madirishani.

Furaha hiyo haikumaliza mwaka. Mwezi wa Januari 1913 gazeti moja la Massachusetts lilifichua kwamba Thorpe aliwahi kulipwa kucheza besiboli. Sheria za Olimpiki wakati huo zilimtaka mwanariadha awe wa ridhaa, yaani asiyewahi kupokea hata senti ya michezo. Thorpe alikubali kwamba alilipwa, akaeleza kuwa hakujua ni makosa. Hakusikilizwa. Alinyang'anywa medali zote mbili za dhahabu na jina lake likafutwa vitabuni. Na kumbe sheria za mashindano yale zilisema malalamiko yaletwe ndani ya siku 30. Hayo yaliletwa baada ya miezi sita! Hakuna aliyejali.

Sasa ndipo tunapofika kwenye kiini cha habari hii. Siku hizo wachezaji wa besiboli walikuwa kama mali ya klabu. Mkataba ulikuwa na kifungu kilichoiruhusu klabu kumshikilia mchezaji mwaka baada ya mwaka, apende asipende, mpaka wamwuze ama wamtupe. Mchezaji huru, anayeweza kuchagua mwenyewe pa kwenda, alikuwa nadra kama mvua ya Agosti huku kwetu. Lakini Thorpe alikuwa huru. Kwa nini? Kwa sababu ile ligi ndogo aliyocheza North Carolina ilikuwa imevunjika, hivyo hakukuwa na klabu ya kumdai. Jambo lilelile lililomnyang'anya medali ndilo lililomwachia uhuru huo. Klabu zikaanza kumfukuzia. Mmoja wa waliomtaka ni St. Louis Browns, timu dhaifu sana ya ligi ya pili, ambako labda angecheza kila siku. Yeye akachagua New York Giants, mabingwa wa ligi yao wa mwaka wa 1912.

Alitia sahihi tarehe 1 Februari 1913 mbele ya waandishi na wapiga picha. Mshahara uliotajwa ulikuwa kama dola 6,000 kwa mwaka, pesa nyingi mno kwa mtu ambaye hakuwa amecheza hata siku moja katika ligi kuu. Bwana mkubwa wa timu alikuwa kocha John McGraw, mtu mfupi mwenye hasira na kipaji cha kushinda. Alijua anachonunua. Jina la Thorpe lilikuwa kila gazeti, na watu wangelipa kiingilio ili wamwone tu. Kusema kweli, naona huo ndio ulikuwa mwanzo wa balaa, kwa sababu mtu aliyenunuliwa ili atazamwe hahitaji kuchezeshwa.

Na hakuchezeshwa. Mwaka wa 1913 Giants walicheza mechi zaidi ya 150, naye aliingizwa katika 19 tu, nyingi kati ya hizo kwa dakika chache za kumkimbilia mwenzake. Alipewa nafasi ya kupiga mara 35, akafaulu mara 5. Mwaka wa 1914, mara 31, akafaulu mara 6. Mwaka wa 1915, mara 52, akafaulu mara 12. Jumlisha mwenyewe: miaka mitatu, nafasi 118, mapigo 23. Mchezaji wa kawaida wa kikosi cha kwanza hupata nafasi kama 500 kwa mwaka mmoja. Mashabiki wakaanza kunung'unika. Ikasemwa kwamba hawezi mpira wa kupinda, na maneno hayo yakamganda kama kupe.

Hebu tufikiri kidogo. Kupiga mpira unaopinda si nguvu wala mbio. Ni mazoea ya jicho. Ni kama mtu anayejifunza kuchonga vinyago: hata awe na misuli ya simba, asiposhika patasi kila siku hatachonga hata kijiko. Thorpe alikuwa na likizo mbili tu za besiboli ya mashambani. Alihitaji apelekwe timu ndogo, acheze kila siku, ashindwe, ajifunze. McGraw alimkalisha benchi New York kwa sababu huko ndiko kiingilio kilikolipwa. Kisha watu wakashangaa mbona hajui kupiga!

Jambo moja zuri alilolipata ni safari. Mwaka huo wa 1913 Giants walishindwa na Philadelphia katika fainali, na mara moja wakaungana na Chicago White Sox kuzunguka dunia wakionyesha mchezo wao. Thorpe alikuwa ndiyo kwanza amemwoa Iva Miller, mwenzake wa Carlisle, hivyo ikawa fungate yao. Walifika Japani, Uchina, Australia, wakapita bahari ya huku kwetu hadi Misri, wakacheza karibu na Cairo, wakaenda Roma kumwona Papa Pius wa Kumi, wakamalizia London mbele ya Mfalme George wa Tano, mwanzoni mwa 1914. Kila walikofika watu walimtafuta Thorpe, si wale wachezaji hodari wa besiboli aliofuatana nao. Yaani hata Misri walimjua bingwa wa Stockholm. Pesa za tiketi ziliingia. Ukipima usajili ule kwa tiketi, haukuwa hasara hata kidogo.

Mwaka wa 1916 walimpeleka Milwaukee, ligi ya chini, akacheza msimu mzima. Mwaka wa 1917 wakamwazima kwa Cincinnati Reds. Hapo, tarehe 2 Mei, ilitokea mechi inayosimuliwa mpaka leo: warushaji wa pande zote mbili, Fred Toney wa Cincinnati na Jim Vaughn wa Chicago, walimaliza zamu zote tisa bila kupigwa hata pigo moja la halali. Zamu ya kumi, mpira mdogo aliougusa Thorpe, uliodunda polepole karibu na mrushaji, ndio ulioleta bao pekee. Bingwa wa dunia, na pigo lake maarufu zaidi katika besiboli ni mpira ambao haukufika hata katikati ya uwanja! Nilipolisoma hilo nilicheka, halafu nikasikitika.

Mwaka wa 1918 alimpoteza mwanawe wa kwanza, Jim Mdogo, akiwa bado mtoto wa miaka michache. Wanaomjua waliandika kwamba hakuwa mtu yuleyule tena. Pombe, aliyokuwa anaipenda tangu zamani, ikamzidi. Tusimfanye malaika. Alikuwa mzembe mazoezini mara nyingine, na McGraw, aliyependa nidhamu, alikorofishana naye mara kwa mara. Hayo yote ni kweli, na mtu anayetaka kumtetea Thorpe asiyafiche.

Lakini sikiliza mwisho wake. Mei 1919 Giants walichoka naye, wakambadilisha kwenda Boston Braves. Kule Boston, timu dhaifu, akachezeshwa mechi baada ya mechi. Msimu huo, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 30, alifaulu karibu mara 33 katika kila 100. Rudi kwenye ile hesabu niliyokuomba uikumbuke: mara 3 katika 10 ni kiwango cha wapigaji bora. Yule asiyeweza mpira wa kupinda alikuwa ameuweza. Halafu ligi kuu haikumwita tena. Aliendelea katika ligi za chini hadi 1922, akipiga vizuri tu. Jumla ya mechi zake za ligi kuu ni 289, na wastani wa maisha yake ni mapigo 25 kwa 100. Wastani huo ni wa mchezaji wa kawaida, si wa mchezaji mbovu. Ila walioahidiwa mungu mdogo walimwona mchezaji wa kawaida kama tapeli.

Hasara halisi za usajili zilikuja baadaye sana. Kile kifungu cha kuwashikilia wachezaji kilivunjwa katikati ya miaka ya 1970, wachezaji wakawa huru, na klabu zikamwaga pesa bila kufikiri. Mfano ni Wayne Garland. Mwaka wa 1976 alishinda mechi 20 akiwa mrushaji wa Baltimore, na papo hapo Cleveland wakampa mkataba wa miaka 10 wa zaidi ya dola milioni 2. Bega likaharibika mapema. Alicheza misimu mitano, akaachwa, na mkataba ukaendelea kulipwa. Huyo alilipwa kwa jambo alilowahi kulifanya kweli. Thorpe alilipwa kwa jambo la uwanja mwingine kabisa, kisha akalaumiwa kwa besiboli.

Na wakenya wenzangu tusidhani mambo ya ridhaa na malipo hayakutugusa. Ben Jipcho wa Mlima Elgon, aliyepata medali ya fedha Munich mwaka wa 1972 nyuma ya Kipchoge Keino katika mbio za kuruka viunzi na maji, alipata dhahabu mbili katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 1974 kule Christchurch. Kisha akajiunga na kundi la wanariadha wa kulipwa la Marekani, kama Keino alivyofanya kabla yake. Alilipwa, alishinda sana, lakini mlango wa Olimpiki ukafungwa nyuma yake. Kundi lenyewe lilikufa mwaka wa 1976. Mtoto wa maskini aliambiwa achague kati ya medali na ugali. Sheria hiyo ilitungwa na watu ambao ugali haukuwa shida kwao.

Tumalizie maisha ya Thorpe. Wakati anakalia benchi la besiboli, alikuwa akicheza ule mpira wa Kimarekani. Kuanzia 1915 timu ya Canton Bulldogs ya Ohio ilimlipa dola 250 kwa mechi moja, na huko hakuna aliyelalamika, maana huko aliachwa acheze. Mwaka wa 1920 alifanywa rais wa kwanza wa chama kilichokuja kuwa ligi kuu ya mchezo huo, NFL. Alistaafu 1928, na mwaka uliofuata uchumi wa dunia ukaporomoka. Akafanya vibarua. Mwaka wa 1931 alionekana Los Angeles akichimba mtaro kwa sururu. Aliigiza sehemu ndogondogo katika filamu. Mwaka wa 1950 waandishi wa habari wa Marekani walipiga kura, wakamteua kuwa mwanariadha bora wa nusu karne. Kura haimlishi mtu. Alifariki tarehe 28 Machi 1953 katika nyumba ya trela, Lomita, California, kwa ugonjwa wa moyo.

Medali zilirudishwa kwa watoto wake Januari 1983, lakini jina lake liliandikwa pamoja na wale waliokuwa wa pili. Ilichukua mpaka Julai 2022, miaka 110 baada ya Stockholm, kwa kamati ya Olimpiki kutangaza kwamba mshindi alikuwa yeye peke yake.

Kuna usajili mmoja wa mwisho. Alipokufa, watu wa kabila lake walianza kumzika kwa mila zao huko Oklahoma. Mke wake wa tatu, Patricia, akaja akauchukua mwili. Akapatana na mji mdogo wa Pennsylvania uliokuwa unafifia, ambao ulikuwa ukitafuta kitu cha kuvuta wageni. Mji ukalichukua kaburi, na mwaka wa 1954 ukabadili jina lake ukajiita Jim Thorpe. Yeye mwenyewe hakuwahi kuishi hapo. Wanawe walienda mahakamani kumdai baba yao arudishwe kwao, na mwaka wa 2015 mahakama kuu ya Marekani ikakataa kuisikiliza kesi hiyo. Mpaka leo amelala huko, kando ya barabara, na watalii wanasimama kupiga picha.